HITA, LUKU NA MACHOZI YA BINTI WA KAZI



Mwezi uliopita tulizungumza juu ya lishe ya mtoto anayeachishwa ziwa. Leo nataka tuzungumze jambo ambalo pengine hukutegemea kulisoma kutoka kwa muuguzi, nalo ni umeme. Usigeuze ukurasa, dada yangu. Mimi nilipokuwa shule niliikimbia Fizikia kama vile mtoto anavyokimbia sindano, na ninaandika haya kwa sababu kutokujua hesabu mbili ndogo za umeme kulinifanya nimtendee dhambi mtu aliye chini ya dari yangu. Hesabu hizo hizo, kama ningezijua mapema zaidi, zingeniepusha na hatari kubwa kuliko hiyo.

Yaliyotokea nyumbani kwangu

Sisi tunaishi Mbeya, na wenye kuijua Mbeya wanajua baridi ya mwezi wa Juni na Julai. Zamani maji ya kuoga tulikuwa tunachemsha kwa mkaa. Mkaa ulipozidi kupanda bei nikanunua hita, ile ya kutumbukiza kwenye ndoo, kidude kidogo kama upawa wa mchuzi. Nikafurahi kwamba jiko halitoi tena moshi alfajiri.

Tulikuwa na desturi ya kununua yuniti 60 za LUKU, nazo zilitutosha wiki tatu. Mwezi ule zikaisha siku ya tisa. Nikanunua nyingine 60, nazo zikaenda vivyo hivyo. Nikaanza kuangalia nani anashinda nyumbani. Mume wangu anatoka asubuhi, mimi niko zamu, watoto wako shule. Anayebaki ni binti anayenisaidia kazi. Na kila nikirudi jioni naikuta televisheni inasema.

Sikuuliza. Nilihukumu. Nilimwambia mbele ya watoto kwamba anashinda akiangalia tamthilia huku sisi tukimlipia, na kwamba ikiendelea hivyo nitamrudisha kwao. Akajibu kwa sauti ndogo, "Mama, mimi televisheni naiwasha nikimaliza kazi, na watoto wakirudi ndio wanaoangalia." Nikamwambia asinijibu. Usiku ule nilimsikia analia chumbani kwake. Nikajifunika blanketi nikalala.

Jumamosi yake alikuja kijana mmoja wa kwaya yetu, ambaye ni fundi umeme, kututengenezea taa ya nje. Nikamweleza habari ya LUKU, nikitegemea aniunge mkono. Yeye akauliza, "Mama, mnachemshia nini maji ya kuoga?" Nikamwonyesha hita. Kibandiko chake kilikwisha kufutika zamani, hakuna kilichosomeka. Akafungua kisanduku cha umeme ukutani, akaiwasha ile hita ndani ya ndoo, akabana waya mmoja kwa kipimo chake chenye mdomo kama koleo. Kikaonyesha ampea 8.5. Kisha akapima volti kwenye soketi, akapata 225. Akachukua daftari la mwanangu, akaandika:

225 × 8.5 = 1,912.5

"Hizo ni wati, mama. Televisheni yenu imeandikwa wati 80."

Nilikaa kwenye kiti. Maana hata mimi niliyeikimbia Fizikia niliona jibu kabla hajamaliza kuniambia.

Maneno manne ya kuyafahamu

Nikamwomba anieleze polepole, naye akanieleza. Baadaye nililiweka jambo hili katika lugha ya wodini, kwa kuwa ndiyo ninayoielewa. Bila shaka umewahi kuona mgonjwa aliyetundikiwa dripu.

Volti ni kama kule kuinua chupa juu. Chupa ikiwa juu, maji yanasukumwa kwa nguvu zaidi. Kwetu Tanzania umeme wa nyumbani unatolewa kwa volti 230, ingawa hupanda na kushuka kidogo. Siku ile kwetu ulikuwa 225.

Ampea ni wingi wa umeme unaopita, kama matone yanavyokwenda haraka au taratibu.

Omu ni kipimo cha ukinzani, yaani jinsi njia inavyoubana umeme. Ni kama kile kigurudumu cha kubania mpira wa dripu, au sindano kuwa nyembamba. Ukibana sana, matone yanapungua hata kama chupa iko juu vile vile.

Wati ni nguvu ya kazi inayofanyika kwa wakati ule: maji yanachemka kwa kasi gani, pasi inatoa joto kiasi gani.

Uhusiano wa ukinzani uligunduliwa na mwalimu wa shule wa Ujerumani, Georg Simon Ohm, mtoto wa fundi makufuli, akauandika katika kitabu mwaka 1827. Wataalamu wengi wa nchi yake hawakumjali kwa miaka mingi. Mwaka 1841 ndipo chama cha wanasayansi cha Uingereza, Royal Society, kilipompa nishani, na leo jina lake liko katika kila kitabu cha umeme duniani. Kanuni zenyewe ni hizi mbili:

Omu = volti gawanya kwa ampea.
Wati = volti zidisha kwa ampea.

Basi hita yangu: 225 gawanya kwa 8.5 ni omu 26.5 hivi. Na 225 zidisha kwa 8.5 ni wati 1,912. Ukijua namba mbili, ya tatu na ya nne unazipata mwenyewe. Kama una mtoto sekondari, mpe daftari akuhakikishie.

Ieleweke kwamba hesabu hii ya kuzidisha inakaa sawasawa kwa vifaa vya kutoa joto, kama hita, pasi, birika na jiko la umeme. Kwa friji na feni, ambavyo vina mota, jibu huzidi kidogo umeme unaotumika kweli.

Yuniti zilikwenda wapi?

Yuniti moja ya LUKU ni wati 1,000 zikifanya kazi kwa saa moja. Kwa hiyo unachukua wati, unazidisha kwa saa, unagawanya kwa 1,000.

Nyumbani kwetu tuko sita: sisi wawili, watoto watatu na binti. Kila mtu ndoo moja kwa siku, na kila ndoo hita ilikaa dakika 20. Ndoo sita ni dakika 120, yaani saa 2. Wati 1,912 kwa saa 2 ni yuniti 3.8 kwa siku. Kwa mwezi ni yuniti 114.

Televisheni, wati 80, hata kama ingewaka saa 8 mfululizo, ni wati 640 za saa, yaani yuniti 0.64. Sasa tazama: hita dakika 20 ni theluthi moja ya saa, na theluthi ya 1,912 ni 637. Yaani ndoo moja ya maji yangu ya kuoga ilikula umeme sawa na televisheni kuwaka tangu asubuhi hadi jioni. Nilimliza mtoto wa mwenzangu kwa ajili ya ndoo yangu mwenyewe!

Na hesabu ya siku tisa nayo ikajitokeza. Yuniti 60 zilizotosha wiki tatu ni chini kidogo ya yuniti 3 kwa siku. Ongeza 3.8 za hita, zinakuwa 6 na nusu hivi kwa siku. Gawanya 60 kwa hizo, unapata siku tisa. Hakukuwa na mwizi wala mvivu. Kulikuwa na hesabu isiyopigwa.

Nilimwita yule binti mbele ya watoto wale wale waliosikia nikimtukana, nikamwomba radhi. Haikuwa rahisi. Alisema tu, "Yameisha, mama," akaenda kuanua nguo. Lakini mdogo wangu wa mwisho kuzaa aliniuliza, "Mama, kumbe na wewe unakosea?" Nikamjibu ndiyo. Akina mama, tusiogope kukosolewa na ukweli mbele ya watoto wetu. Wanajifunza zaidi pale kuliko kwenye mahubiri yetu. Nyumba nyingi tunawashuku mabinti wa kazi kwa sukari, kwa mafuta, kwa umeme, kwa sababu wao hawana wa kuwatetea. Soma Yakobo 1:19, kisha ujiulize kama mimi nilivyojiuliza.

Fanya hesabu kwako

Huna haja ya kipimo cha fundi, na tafadhali usifungue kisanduku cha umeme mwenyewe. Angalia kibandiko kwenye kifaa, mara nyingi chini au nyuma. Kimeandikwa volti na wati. Wati ukizigawanya kwa volti unapata ampea. Kisha volti ukizigawanya kwa ampea unapata omu. Kwa volti 230 mambo huwa hivi:

Pasi ya wati 1,000: ampea 4.35, omu 53 hivi.
Birika la wati 2,000: ampea 8.7, omu 26 na kitu.
Balbu ya kisasa ya wati 9: ampea 0.04 tu, omu karibu 5,900.

Unaona? Kifaa chenye omu chache ndicho kinachopitisha umeme mwingi na kula yuniti nyingi. Ukubwa wa kifaa kwa macho hausemi lolote. Hita yangu inaingia kwenye mkoba.

Kama kibandiko kimefutika, tumia mita ya LUKU. Zima kila kitu, soma yuniti zilizobaki, washa hicho kifaa kimoja kwa dakika 20, kisha soma tena. Tofauti yake zidisha kwa 3, umepata yuniti kwa saa moja.

Wengine hulalamika kwamba jioni maji yanachelewa kuchemka, wakadhani hita imekufa. Jioni watu wengi wanawasha umeme na volti zinaweza kushuka. Omu za hita ni zile zile, 26.5. Volti zikishuka hadi 200, ampea zinakuwa 7.5 na wati zinakuwa 1,500 hivi. Ndoo ya dakika 20 itataka dakika 25. Hita ni nzima, na yuniti utakazotumia kwa ndoo ile ni karibu zile zile.

Sisi tulifanya nini? Watoto watatu sasa wanaoga nusu ndoo, nayo inataka dakika 10 tu. Jumla imekuwa dakika 90 badala ya 120. Tumeokoa karibu yuniti 28 kwa mwezi, bila mtu kuoga maji baridi. Zaidi ya hayo, hakuna tena kuwasha hita na kurudi kitandani "kidogo tu".

Ekstensheni ya jikoni

Hapa naomba usikilize vizuri. Ekstensheni nyingi zimeandikwa ampea zinazoweza kubeba, kwa mfano ampea 10. Ukichomeka birika (8.7) na pasi (4.35) kwa pamoja, jumla ni ampea 13.05. Umekwisha kuzidisha mzigo. Kwenye semina moja ya akina mama tulichomeka mabirika mawili kwenye ekstensheni moja ili chai iwahi, tukaona moshi kabla ya chai. Tuliokoa pazia, ekstensheni tukaitupa.

Joto lile linatoka wapi? Mahali palipolegea, kama soketi iliyochakaa, pana ukinzani wake. Wati za joto mahali hapo ni ampea zidisha ampea zidisha omu. Tuseme pana nusu omu tu na zinapita ampea 13: 13 × 13 × 0.5 ni wati 84. Hilo linazidi joto la balbu ya zamani ya wati 75, ile ambayo hukuthubutu kuigusa ikiwaka, na limefungiwa ndani ya plastiki. Kwa hiyo soketi ikiwa ya moto, ikinuka, au ikibadilika rangi, usingoje mwisho wa mwezi. Acha kuitumia, ita fundi. Na vifaa vya joto vichomeke kwenye soketi ya ukutani, kimoja kimoja.

Mwili nao una omu zake

Sasa nazungumza kama muuguzi. Miaka iliyopita, nikiwa zamu ya alfajiri, aliletwa mama kijana amefungwa khanga, bado ana maji mwilini. Alikuwa amechovya mkono kwenye ndoo kuonja kama maji yamepata moto, hita ikiwa bado inawaka. Tulimfanyia yote tuliyoweza. Hatukuweza kumrudisha. Aliacha mtoto anayenyonya. Mimi niliyemfunika shuka mama yule ndiye niliyekuja kununua hita ya aina ile ile, kwa kuwa sikuwahi kupiga hesabu nikaona kilichomuua.

Hesabu ni hii. Ngozi kavu inaweza kuwa na ukinzani wa hadi omu 100,000. Gawanya 230 kwa 100,000, unapata ampea 0.0023, yaani miliampea 2.3. Utashtuka na kuvuta mkono. Ngozi ikilowa, au ikiwa na kidonda, ukinzani unaweza kushuka hadi omu 1,000. Gawanya 230 kwa 1,000: ni ampea 0.23, yaani miliampea 230. Umeme wa miliampea 10 hivi na zaidi hukaza misuli hata mkono ukashindwa kuachia. Ukifika kama miliampea 100 ukapita kifuani, unaweza kuuvuruga moyo, ukatetemeka badala ya kupiga.

Usidhani fyuzi ya plagi itakuokoa. Fyuzi ya ampea 13 haikatiki kwa ampea 0.23. Kazi yake ni kulinda waya usiungue. Kinachomlinda mtu ni ile swichi maalumu ya kwenye kisanduku inayokata umeme unapovuja, nyingi hukata kwenye miliampea 30, pamoja na waya wa erthi uliofungwa vizuri. Mwulize fundi wako kama nyumba yako inavyo vyote viwili.

Kwa wanaotumia hita ya ndoo, kanuni za nyumba ziwe hizi:

Tumia ndoo ya plastiki, si ya bati. Tumbukiza hita kwenye maji kwanza, ndipo uwashe. Ukimaliza zima swichi, chomoa plagi, kisha ndipo utoe hita na kugusa maji. Usionje maji hita ikiwa kwenye umeme, hata kwa kidole kimoja. Simama na viatu mahali pakavu. Watoto wasikaribie, maana ndoo ya maji ya moto inaunguza hata bila umeme. Hita iliyopasuka au kuingia kutu itupwe.

Mtu akinaswa na umeme

Usimshike! Kimbilia swichi kubwa uzime. Kama huwezi kuifikia, simama juu ya kitu kikavu, umsukume mbali kwa mti mkavu au kiti cha plastiki. Umeme ukishakatika, tazama kama anapumua. Kama hapumui, mlaze chali mahali pagumu, weka viganja katikati ya kifua, ukandamize kwa nguvu mara 100 hadi 120 kwa dakika, kwa mtu mzima kina cha sentimita 5 hadi 6, huku wengine wakitafuta gari. Aliyejifunza kupuliza pumzi apulize mara 2 kila baada ya kukandamiza mara 30. Usiache mpaka apumue au mfike hospitali. Msimmwagie maji, msimfukie mchangani, msimnyweshe maziwa. Na hata akiinuka akasema hajambo, apelekwe hospitali, kwa sababu moyo unaweza kuwa umeguswa na nyama za ndani zinaweza kuwa zimeungua huku juu kukionekana alama ndogo tu.

Kazi ya mwezi huu

Jioni moja, baada ya ibada ya familia, keti na mumeo na watoto mkiwa na daftari. Andikeni kila kifaa cha nyumbani, wati zake, ampea zake, na saa zinazotumika kwa siku. Mwite na binti wa kazi akae pamoja nanyi, maana yeye ndiye anayevishika vifaa hivyo kuliko wote, na maisha yake ni ya thamani kama ya mwanao. Bwana wetu alipofundisha habari ya mjenzi wa mnara katika Luka 14:28 alituhimiza kuhesabu. Nyumba nayo ni mnara.

Kwetu daftari hilo liko jikoni sasa. Wiki iliyopita binti ndiye aliyeniambia, "Mama, leo umezidisha dakika tano." Nikazima.

Mungu awalinde ninyi na nyumba zenu. Tukutane mwezi ujao.